Taa Iliyoachwa Ikiwaka kwa Ajili ya Mama

Siku hizi mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nasema nafundisha. Inatosha. Zamani nilikuwa najitahidi kueleza: kwamba natia rangi kwenye ubongo wa konokono, naumulika kwa taa ya buluu, halafu natazama seli zake zikiwaka kijani kila zinapopashana habari. Watu wa Gisenyi, mji wa mpakani ng'ambo ya Goma, wana adabu, wanakusikiliza vizuri mpaka ufike kwenye konokono. Hapo uso unakunjamana. "Mana we! Konokono?" Na mazungumzo yanaishia hapo. Nimechoka kumtetea konokono. Yuko mezani kwangu kwa sababu seli zake ni kubwa, zinaonekana, haziombi mashine ya kuzilea kama za panya, na asubuhi yenye umande unamwokota migombani bila kumwagiza popote.

Chumba chetu kiko nyuma ya chuo. Kilikuwa stoo ya viti vibovu. Pazia jeusi la dirishani alilishona mama yangu kwa kitambaa alichotoka nacho Goma. Meza ya hadubini imekalia mipira ya ndani ya matairi ya pikipiki, maana malori yanayokwenda mpakani yanatikisa kila kitu, na malori yakitulia, mlima nao unakumbuka kwamba una moto tumboni. Jirani kuna mashine ya kusaga mihogo. Ikiwashwa, umeme unanywea, taa yetu inafifia, na seli zote zinaonekana kama zimesinzia kwa pamoja. Mwenzangu wa kazi, ambaye alikulia Tanzania na anazungumza Kiswahili kilichopigwa pasi, husema, "Dada yangu, leo tunapima unga." Mimi niliyekulia Goma nacheka, ingawa utani huo nimeusikia mpaka umeota mvi.

Rangi zenyewe ni za aina mbili. Moja inajibandika kwenye utando wa seli na kubadilika kidogo mno pale umeme unapopita. Hiyo ni ya mbio, na kamera yetu ni ya kizee, kwa hiyo mara nyingi tunaambulia ukungu. Ya pili ndiyo tunayoipenda, kwa sababu ina subira. Inaingia ndani ya seli na kukaa ikingoja kalsiamu. Seli ikipiga umeme, milango yake inafunguka, kalsiamu inamiminika ndani, rangi inaikamata na kuwaka. Unaona nukta inang'aa, inafifia, inang'aa tena. Mara ya kwanza kuiona nililia. Sasa silii, natafuta tu mahali pa kuegemeza shingo inayoniuma.

Ila rangi hii nayo inachoka. Kila inapowaka inajila yenyewe kidogo, na ukiimulika mfululizo inakufa mbele ya macho yako, hata kama seli ina nguvu zake zote. Ndiyo maana kazi yetu ni ya kuchungulia: taa inawaka kufumba na kufumbua, kamera inapiga picha, taa inazimika, tunangoja gizani. Kisha inawaka tena. Siku nzima inakwenda hivyo, na jioni nikitoka nje naona nukta za kijani hata kwenye sahani ya maharagwe.

Nyumbani naishi na mama na mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu zake. Mdogo wangu ana kifafa. Kabla ya hapo alikuwa mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule Nyamyumba, kwenye ile mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaume wakipiga makasia na kuimba. Alikuwa na sauti huyu! Ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo. Kisha kifafa kikamkuta majini. Walimvuta kwa shati. Mzee anayeongoza mitumbwi ile, mtu mpole, alimleta nyumbani mwenyewe, akamwambia mama kwamba hawezi kumchukua tena mpaka ahakikishiwe kuwa kijana amepona. Akamwachia mama ndoo ya sambaza, kama mtu aliyekuja msibani.

Hospitali walimpa vidonge. Vinasaidia, nasema wazi: tangu avianze, kifafa kilimwacha kwa muda mrefu. Lakini vilimfanya mzito. Anaamka, anakaa kitandani, anatazama viatu vyake kama anajaribu kukumbuka vinavaliwaje. Wimbo hakuanzisha tena. Na sisi wanawake wawili tukageuka askari wake. Mama alimkataza kufunga mlango wa bafu. Akidondosha kijiko, tunakurupuka wote wawili. Mimi nikirudi kutoka kazini, macho yananiwasha, nilikuwa nasimama mbele yake kila jioni mpaka ameze, halafu namwambia afungue mdomo nione. Alikuwa anafungua. Hakuwahi kubisha, na huko kutobisha kulinichosha kuliko kama angenitukana.

Mama huvuka mpaka kila siku na kabichi na viazi kwenda kuuza Goma, na habari zote za dunia anazipata kwenye foleni ya kuvuka. Huko ndiko alikosikia habari za mwanamke mmoja wa Bugeshi, chini ya volkano, anayechemsha majani ya kutuliza kichwa. Siku moja akaniwekea mezani chupa ya soda iliyojaa maji ya kahawia, yananuka kama nyasi iliyolowa.

"We si unaangaliaka ndani ya bongo?" akaniuliza. "Angalia basi na hii dawa, kama iko nafanya kazi."

"Mama, mi naangalia konokono."

"Konokono haina kichwa? Iko na kichwa. Bon."

Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni akimenya viazi. Akaacha kisu. "Yaya," akasema, maana kwetu tuliolelewa Goma dada mkubwa tunamwita yaya, "tufanye hivi. Mashine yako ikisema dawa ni muzuri, mi naacha vidonge, narudia mitumbwi. Ikisema hapana, chupa hii sitaigusa, na sitasema tena neno juu ya ziwa."

Nilijua anachocheza nacho. Bila vidonge, kifafa kingerudi, na ziwa halimngoji mtu azinduke. Lakini nilimjua pia mdogo wangu: tusipompa jibu, angejaribu peke yake, kimya kimya, na sisi tungesikia kwa watu. Mama naye alikuwa ananitazama na macho yale ya mtu aliyekwisha kuamini. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikasema sawa, mje Jumamosi. Nilisema hivyo kwa uchovu pia, sitaki kudanganya. Nilitaka kula na kulala.

Jumamosi wakaja. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Mwenzangu akainama, "Shikamoo, mama!" Mama, ambaye miaka yote hii amekataa kujifunza marahaba, akamjibu, "Jambo sana, mwanangu," akaketi kwenye kiti changu.

Tulikuwa tumeshaandaa ubongo wa konokono, punje moja ndogo, imelowa rangi vizuri. Mwenzangu akadondosha kemikali tunayotumia kuzichokoza seli, inayozifanya zipige zote kwa mkumbo bila kupumzika. Kwenye skrini nukta zikaanza kuwaka, kwanza moja moja, kisha zote pamoja, zinawaka, zinafifia, zinawaka, kama watu wanaopiga kelele kwa pumzi moja. Mama akamshika mwanawe mkono.

"Njo hii?" mdogo wangu akauliza. "Njo inanifikiaka?"

"Kitu kama hicho," nikamwambia.

Akaitazama muda mrefu. "Nyie wote mulishaiona kwangu. Mi sikuwahi."

Nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia lenzi.

Sasa, utaratibu wetu ni kwamba kabla ya dawa yoyote tunaanza na maji matupu ya chumvi. Unadondosha maji, unatazama kwa muda uleule, ili ujue seli zingefanya nini hata bila dawa. Nikashika kibomba cha maji. Mwenzangu akanitazama kama amemwona mtoto anajipakulia kabla ya wageni.

"Mama ametoka na chupa yake nyumbani, wewe umkalishe atazame maji? Ya mama kwanza."

Na mama mwenyewe alikuwa analalamika juu ya ile taa ya kuwaka na kuzimika. "Inanikata macho. Muiache iwake tu, nione."

Mwenzangu akaiacha iwake. Sikupinga. Nani angepinga? Sisi ndivyo tulivyolelewa, yeye kwao na mimi kwetu: mzazi akija na kitu mkononi, hicho ndicho kinachotangulia, na akisema taa iwake, taa inawaka. Ulaya wangeweka mgeni kwenye benchi huko nje. Sisi tulimpa kiti.

Tukadondosha majani ya Bugeshi. Kwanza hakuna kilichobadilika. Kisha nukta zikaanza kufifia. Kila zikiwaka, zinawaka kidogo kuliko mwanzo. Kidogo zaidi. Kidogo zaidi. Mwishowe skrini ikabaki giza tupu, kimya, kama uwanja wa shule siku ya likizo.

Mama akapiga impundu humo humo ndani ya chumba cha giza, vigelegele vya harusi kabisa. "Macho hayana pazia!" akasema. "Mi mwenyewe nimeona! Si mutu amenihadithia!" Mdogo wangu alinikumbatia. Naapa, kwa dakika ile hata mimi niliamini. Mtu aliyechoka anaamini haraka.

"Ngojeni," nikasema, "bado maji."

Mama alikuwa ameshajifunga kitenge. "Maji mutaangalia nyie benyewe."

Wakaondoka. Tukachukua ubongo mwingine, tukauchokoza, tukauacha chini ya taa vilevile, tukadondosha maji matupu. Nukta zikaanza kufifia. Kila zikiwaka, zinawaka kidogo kuliko mwanzo. Mwenzangu akavuta kigoda akakaa, akashika kichwa. "Lo! Ni rangi, dada. Imechoka tu."

Tukaandaa wa tatu. Safari hii tukarudi kwenye kazi yetu ya kuchungulia, taa kufumba na kufumbua, halafu tukadondosha majani ya mama. Dhoruba ile ya nukta ikaendelea. Tukangoja. Ikaendelea. Haikujali Bugeshi wala heshima tuliyompa mzazi. Tukaifungua tena ile picha ya kwanza, tukaikuza, tukaongeza mwanga mpaka chembechembe zikaonekana, na pale mwisho kabisa, pale mama alipopiga vigelegele, zile nukta zilikuwa bado zinapiga, hafifu mno, kwa mdundo uleule. Hakuna kilichokuwa kimetulia. Rangi ilikuwa imekufa, na kifafa kilikuwa kinaendelea gizani.

Nilipanda kwenda nyumbani kwa miguu. Pikipiki zilinipigia honi, nikazikataa. Nilikuwa sina haraka ya kufika.

Nikawakuta wanacheka. Mama amechemsha sambaza na nyanya, amewaita hata majirani. Mdogo wangu alikuwa amempigia simu mzee wa mitumbwi, na mzee amekubali: mwezi ukishazama, giza likishashika ziwa, aje. Pakiti za vidonge zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki karibu na mlango, tayari kurudishwa hospitali. Na alikuwa anaimba. Kwa sauti ya chini, akikata kitunguu, lakini alikuwa anaimba. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza hadi mwisho wa ubeti, maana nilijua ninachokwenda kuua.

Nikawaambia. Nilieleza juu ya maji, juu ya taa, juu ya rangi. Mama alinisikiliza na mwiko mkononi.

"Donc mi ni mwongo," akasema.

"Mama, sijasema hivyo."

"Nimeona na macho yangu. Vilikuwa vinawaka, vikanyamaza. We sasa unaniambia havikunyamaza. Mashine yako asubui inasema hivi, jioni inasema hivi. Ni mashine gani hiyo?"

"Mashine haina kosa! Ni sisi tuliacha taa kwa sababu yako!"

"Ah! Sasa ni sababu yangu."

Hapo nikapandisha sauti. Sijivunii, lakini nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nilisema nimechoka, nimechoka na konokono, nimechoka na chupa, nimechoka kuwa mimi ndiye wa kuleta habari mbaya kwenye nyumba hii kila mara, kwamba kama wanataka kumtupa mtoto ziwani wamtupe, nitakuja kwenye mazishi na kitenge changu. "Yebaba we!" mama akasema, akafunika mdomo. Maneno kama hayo kwetu hayatamkwi. Majirani wakakumbuka wameacha vyungu motoni.

Mdogo wangu alikuwa ameacha kuimba. "Kesho nitakuja kule kwako," akaniambia. "Mi peke yangu. Usimulete Mama."

Akaja baada ya misa, mimi nikiwa na funguo za chumba. Sikumweleza kitu, nilikuwa nimeishiwa na maneno. Nilimwandalia ubongo, nikauchokoza, nikaiacha taa iwake, nikampa kibomba cha maji ya chumvi mkononi. "Onja kwanza," nikamwambia. Akadondosha tone kwenye ulimi. "Ni chumvi." "Ni chumvi tu. Sasa tia mwenyewe." Mikono yake ni ya kuvuta nyavu, lakini alitia taratibu, tone baada ya tone. Tukakaa bega kwa bega tukatazama nukta zikififia mpaka giza. Kisha nikaandaa mwingine, nikampa chupa ya mama, nikarudisha taa ya kufumba na kufumbua. Akatia. Nukta ziliendelea kuwaka na kuwaka, hakuna aliyezizuia.

Nje lori lilipita, mipira ya meza ikayumba kidogo, picha ikacheza na kurudi.

"Donc hii rangi," akasema mwishowe, "haikufa juu ya dawa. Ilikufa juu ya kuangaliwa."

"Ndiyo. Ukiimulika bila kuipumzisha, inaisha."

"Na nyie mulikuwa munajua."

"Tunajua tangu zamani. Ndiyo kazi yetu."

Akageuka. Kwenye mwanga ule wa buluu uso wake ulikuwa mtulivu, na nilitamani angekuwa na hasira. "Yaya, basi kwa nini mi munaniangaliaka hivi? Asubui, mchana, kwa bafu, kwa meza. Nikikohoa, munaruka. Nafungua mdomo kama ng'ombe ya soko. Ile ziwa, mi sikuipendea samaki. Kule hakuna mutu ananiangalia. Kila mutu anaangalia wavu."

Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Nilikuwa nimesoma miaka mingi namna ya kuitazama seli bila kuichosha. Nilitaka kumwambia kwamba tulikuwa tunaogopa, kwamba siku ile walipomvuta kwa shati sisi tulizeeka, lakini yote hayo anayajua. Nikazima taa ya buluu. Tukabaki gizani kidogo, nasikia anavyopumua.

Akatoa simu. "Mzee, ni mimi. Usinihesabu. Hapana, si mwezi huu, na mwingine pia hapana. Eh. Aksanti, mzee. Kama iko kazi ya nchi kavu, ya kushona nyavu, uniite." Akairudisha mfukoni.

Mama aliambiwa na mdogo wangu mwenyewe, jikoni, mlango umefungwa. Sijui alimwambiaje. Nilisikia tu mama akisema "taa?" na baadaye kidogo tena, "taa?" Chupa iko mpaka leo kwenye kabati, nyuma ya chumvi. Mama hajaitupa, na hakuna anayemuuliza.

Jioni ile ile, baada ya kula, mfuko wa plastiki ulirudi kutoka mlangoni hadi mezani. Mdogo wangu akavuta kiti. Miguu yangu, kwa mazoea, ilikuwa imeshanifikisha mbele yake, mikono kiunoni. Akanitazama. Mdomo wake alikuwa ameufunga.

Nikaenda kwenye karai la vyombo, nikampa mgongo. Mama akaanza kunyanyuka, nikamshika kitenge, akakaa. Nikaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Nyuma yangu nilisikia pakiti ikipasuka, kisha maji yakimiminwa, kisha kimya, kirefu kuliko inavyotakiwa kumeza kidonge. Mama alikuwa ananiangalia mimi, macho yamemtoka, ananisihi nigeuke.

Kikombe kikawekwa mezani. Sikugeuka.